Kikohozi cha Baba Mkwe

Asubuhi ile nilikuwa namenya ndizi nyuma ya jiko, nyumbani kwetu Kinyala. Mume wangu, Gwakisa, alikuwa ameenda Tukuyu mjini kuuza parachichi. Baba yake alikuwa upande wa mbele wa nyumba, anasuka kikapu. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani macho kwa macho na baba mkwe, wala hamgusi. Kwa hiyo mzee akitaka kuzunguka nyumba alikohoa kwanza, nami nikajificha migombani mpaka apite. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuuona uso wake sawasawa, lakini kikohozi chake ningekitambua hata sokoni.

Wiki ile kijana wa jirani alikuwa amekufa ghafla. Baada ya maziko watu walikaa kunywa pombe, wakaamua kuwa mzee wetu ndiye aliyemroga. Ushahidi? Macho mekundu. Macho mekundu ya mtu aliyeota moto wa kuni maisha yake yote!

Nikasikia filimbi.

Kisha vishindo, na sauti nilizozijua, za watu niliochuma nao chai. Walikuwa wanamburuta kuja upande wangu.

Mzee akakohoa.

Anapigwa, damu inamtoka, naye anakohoa ili mimi nipishe.

Sikupisha. Niliacha kisu, nikamkumbatia. Ndipo nilipouona uso wake. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho.

"Toka, mwanangu," alisema.

Walinivuta kwa nguo, wakanitupa kwenye maganda ya ndizi. Wakammaliza kwa mawe.

Polisi walikuja, hakuna aliyeona kitu. Halafu ukaitishwa mkutano wa wazee. Nilidhani ni wa mauaji, kumbe ni wangu. Nimemgusa baba mkwe, nimevunja mwiko, nilete kuku na pombe nitakaswe. Wauaji walikuwepo, na kuku wangu walimla.

Watu hupenda kusema nchi yetu haijui vita. Mimi niliviona uani kwangu, mchana kweupe.

Nilidhani miaka itanisaidia. Badala yake, nilipokaribia hamsini ndipo mambo yalipoharibika. Mtu akikohoa kanisani moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka, najikuta nimeshafika nje. Wakasema nina mapepo. Wakasema ni utu uzima wa wanawake, wa kukoma hedhi. Nikapewa dawa za presha. Nesi mmoja tu, kule mjini, ndiye aliyeniuliza, "Mama, uliwahi kushuhudia jambo baya?" Nililia mpaka akafunga mlango. Alisema huo ni ugonjwa, una jina na una tiba.

"Mbona umechelewa kuja?" akauliza.

Nimechelewa! Nije niseme nini, wakati kijiji kizima kimeniambia mwenye kosa ni mimi?

Mwaka huu alikuja Ambakisye. Siku ile yeye ndiye aliyepuliza filimbi. Sasa ni mzee wa kanisa.

"Ndaga, mama," alinisalimu. "Nimekuja kukuombea, mapepo yakutoke."

"Ambakisye, siku ile baba alikohoa. Mlisikia?"

"Tulisikia, mama."

"Mkajua anakohoa kwa nini?"

"Tulijua. Hata mimi nina wakwe."

Kumbe walijua. Miaka yote nilijidanganya kwamba ghasia ziliwaziba masikio. Nilimwonyesha mlango, na maombi yake akaondoka nayo.

Gwakisa naye sasa ni baba mkwe. Akitaka kuzunguka nyumba hakohoi; anagonga ukuta kwa fimbo. Sikumwomba, na hatujawahi kulizungumza. Mke wa mwanetu alidhani ndiyo desturi ya ukoo huu. Jana nilimkalisha jikoni, nikamweleza fimbo ile imetoka wapi, na waliomuua babu wa mume wake nikamtajia mmoja mmoja, kwa majina.