Hakimu wa Vitabu na Shuka za Nyumba ya Wageni

Kwa heshima na taadhima, na kwa faida ya wale wasio na heshima wala taadhima lakini wana mashati machafu, inatangazwa kwamba Mama Pasi, dobi wa mtaa huu, mke wa Fundi Saa na mama wa binti mmoja, ndiye Hakimu Mkuu wa Vitabu vya Kusikiliza. Hakuteuliwa na mtu. Hakupigiwa kura. Chuo kikuu hakukanyaga, ndiyo maana vitabu anavyovianza huwa anavimaliza. Hukumu zake hazikatiwi rufaa, kwa sababu anayethubutu kukata rufaa hurudishiwa suruali yenye mikunjo mitatu mguu mmoja.

Cheo alikipata kwa binti yake, aliyemjazia vitabu kwenye simu, akamvisha hedifoni na kumwambia, "Mama, sikiliza huku unapiga pasi, usikae mpweke." Upweke gani tena, na mumewe yuko upande wa pili wa kabati, kwenye chumba hichohicho, ameinamia saa za watu? Lakini Fundi Saa ni mtu wa namna yake. Mpole, msafi, kazi yake haina mfano, ila anaongea polepole kiasi kwamba ukimwuliza saa ngapi, akimaliza kujibu saa hiyo imeshapita. Kwa hiyo mtaa mzima humalizia sentensi zake. Mkewe ndiye bingwa wa kuzimalizia. Tangu waoane hajawahi kumsikia mumewe akifika kwenye nukta.

Siku ya kwanza kabisa ya vitabu, Mama Pasi alifuta povu kwenye kioo cha simu kwa aproni yake, kitu fulani kikabonyezeka, naye hakujua. Hukumu zikaanza kumwagika.

Kipimo chake kilikuwa cha kidobi. Kitabu kibovu alikisikiliza akipanga soksi. Cha wastani kilipata mashati. Halafu kulikuwa na shuka za nyumba ya wageni, ambazo lazima zipigwe pasi zikiwa mbichimbichi, maana zikikauka mikunjo inagoma kutoka. "Kitabu cha kweli," alimweleza kinyozi wa mlango wa pili, "ni kile kitakachonisimamisha na pasi hewani mpaka shuka inikaukie mezani. Bado sijakiona."

Kinyozi alikuwa ndiye msemaji wa mahakama. Kila hukumu ilipotoka, wateja wake waliipata pamoja na poda ya shingoni.

"Yule mpelelezi vipi, Mama Pasi?"

"Ana haraka huyo! Maiti haijapoa, muuaji ameshafungwa pingu. Si angekaa kwanza anywe chai?"

"Na kile cha mapenzi?"

"Wamekutana, wamenuniana, wameoana, mimi bado niko kwenye kola moja. Wanapendana kama watu wanaowahi basi."

Shujaa aliyekomboa taifa zima alizaliwa, akafungwa, akatawala na kufa bila hata kupata nafasi ya kuugua. Tajiri aliyefundisha kwamba siri ya utajiri ni kuamka kabla ya jua aliambiwa kuwa Mama Pasi anaamka hivyo tangu usichana wake, kwa hiyo ailete hiyo siri nyingine aliyoificha. Balaa lilikuwa kitabu cha utulivu wa nafsi. "Vuta pumzi, toa pumzi," msomaji aliamuru, na Mama Pasi, mtu mtiifu, akavuta na kutoa, akavuta na kutoa, mpaka kizunguzungu kikamkalisha ndani ya beseni la taulo.

"Utulivu gani huu?" alifoka, kinyozi akimnyanyua. "Nimehema kama nimefukuzwa na mbwa!"

Nyuma ya kabati, Fundi Saa alisikia yote, na moyo ukawa unamwuma. Wale wasomaji walikuwa wageni kabisa, hata chumvi ya nyumba hii hawajui iko wapi, na bado mkewe aliwasikiliza mpaka neno la mwisho, hata wale aliowatukana. Yeye, mwenye nyumba, hakuwahi kuvuka nusu ya sentensi. Kuna wanaume wanaotaka magari. Huyu alitaka kusikilizwa na mkewe mpaka nukta, basi.

Akamnong'oneza binti yake. Kunong'ona kwenyewe kulichukua muda, lakini binti aliambulia maana. Alimfundisha baba yake kujirekodi, na siku ambayo Mama Pasi alikwenda kununua sabuni, mzee akajifungia katikati ya saa zake za ukutani, akasoma kitabu kikuukuu kisicho na jalada, cha mfalme aliyepotelewa na kiatu kimoja. Kurasa za mwisho zilichanika zamani. Binti akaichomeka rekodi ile kwenye simu ya mama, katikati ya vitabu vingine, kimyakimya.

Jumatatu Mama Pasi alitoka mlangoni mbio. "Kinyozi! Zima hiyo mashine! Nimempata msomaji!"

Kinyozi akamwacha mteja na nusu kichwa. "Mpelelezi mwingine?"

"Binadamu! Ana nafasi kati ya neno na neno. Sauti nyembamba kidogo, nadhani ni kijana, lakini ametulia, kalelewa huyo. Na nyuma yake kuna mvua ya manyunyu, tamu kweli!"

"Shuka imekauka?"

"Ilibaki kidogo. Kitabu chenyewe kimekatika, mfalme yuko mlangoni na kiatu kimoja!"

Nyuma ya kabati skrubu ikadondoka. "Mke wangu," Fundi Saa akaanza, masikio yakimwaka kwa furaha, "yule... msomaji... ni..."

"Ni kijana, nimeshasema."

"Ni... mi..."

"Ni mimi niliyekuambia, ndiyo! Rudi kwenye saa zako, baba."

Jumamosi binti alikuja kuwasalimu, akachukua simu afute vitabu vilivyokwisha. Akaganda. "Mama, nani kaweka kasi hii?"

"Kasi ipi?"

"Hivi vitabu vinakimbia mara mbili! Umesikiliza hivi siku zote?"

Kinyozi alichungulia, wembe mkononi. "Ina maana yule mpelelezi chai alikunywa?"

"Na wale wapenzi walichumbiana vizuri tu," alisema binti.

Mama Pasi alikaa juu ya fungu la nguo. Hata hakimu ana siku yake ya kuhukumiwa. "Na mimi nimewatukana, tena mtaa mzima ukisikia," alisema. Kisha akacheka mpaka fungu likabomoka. "Haya, irudishe sawa. Nianze na yule kijana wangu wa manyunyu."

Binti akamtazama baba yake. Baba akaitazama bisibisi. Binti akarudisha kasi ya kawaida, akachomoa hedifoni ili wote wasikie. Kwanza zikaja saa za ukutani, tik, tik, tik, moja baada ya nyingine, si mvua hata kidogo. Halafu sauti nzito: "Mfalme... huyo... alikuwa... na... viatu..."

"Viwili!" kinyozi akashindwa kuvumilia.

Mama Pasi alikuwa ameshasimama, ameshika pasi, anamtazama mumewe kama mtu aliyeletewa nguo yake mwenyewe kuifua.

"Nili... taka..." Fundi Saa akaanza.

"Kusikilizwa," kinyozi akamsaidia.

"Nyamaza wewe!" Pasi ikapaa hewani. "Leo hakuna kumalizia mtu hapa. Mume wangu, kile kiatu kilikuwa wapi?"

"Kurasa... zili... chanika."

"Basi nipe mwisho wako."

Akampa. Kinyozi aling'ata taulo asije akaropoka. Mfalme alipekua kasri, akawafukuza mawaziri, akawarudisha, akawafukuza tena. Kumbe kiatu alikuwa nacho malkia, amekikalia. Alikificha kwa sababu mfalme asiye na kiatu hatoki, na asiyetoka hukaa nyumbani, akaongea na mkewe. Fundi Saa akafika kwenye nukta. Ilikuwa nukta ndogo, laini, kama kifuniko cha saa kinavyojifunga.

Kinyozi alipangusa macho, akakakamaa kama askari. "Mheshimiwa Hakimu Mkuu, mtaa unasubiri hukumu."

Mama Pasi akashusha pasi. Akapapasa shuka ya nyumba ya wageni pale mezani, pindo hadi pindo.

"Imekauka," akasema. "Leteni maji ya kunyunyiza."