Ovaroli ya Mpiga Dawa

Kazini walimwita Maji Kwanza, na jina lilimkaa kuliko lile alilopewa na mamake. Alikuwa mpiga dawa wa bustani za chuo: maua ya mbele ya ofisi, uwanja wa nyasi, na miti ya matunda iliyokwenda mpaka kwenye uzio. Chombo chake kilikuwa tanki la plastiki lenye magurudumu mawili, lililovutwa na trekta dogo, na nyuma ya tanki kulikuwa na bomba refu la kukingama lenye nozeli, vile vidomo vya kunyunyizia. Kila siku ya kupiga dawa, hata msimamizi afoke mpaka sauti imkauke, yeye alitia maji matupu kwanza, akawasha pampu, kisha akalizunguka tanki akiinama na kuchungulia.

"Leo unanywesha nyasi au unaua wadudu?" mkata nyasi alimtania.

"Mpira wa pampu ukipasuka na maji, nitalowa tu. Ukipasuka na dawa, wewe ndiye utakayenibeba. Na mgongo wako naujua, unabeba maneno peke yake."

Acha wacheke. Yeye alijua anachokifanya. Alianza na pini ya kuungia tanki kwenye trekta, akaitikisa, akaifunga klipu yake, maana tanki lililojaa likichomoka mteremkoni halimwulizi mtu anakwenda wapi. Akaosha kichujio. Akatazama nozeli moja moja kama zinatoa sawasawa, na iliyoziba aliizibua kwa mswaki mkuukuu. Mwenzake wa zamani alikuwa akizipuliza kwa mdomo, na huyo tulimzika.

Halafu upepo. Kwenye trekta alikuwa amefunga utepe wa kitambaa chekundu, kipande kilichobaki kwenye cherehani ya mkewe. Utepe ukining'inia, kazi. Ukianza kucheza, alikaa chini, na hakuna mkubwa aliyeweza kumwinua. Dawa yenyewe aliitia wakati tanki lina maji nusu, kisha akaongeza maji mpaka kwenye alama, akiwa amevaa buti, ovaroli, miwani, barakoa na glovu ndefu za mpira. Jua lingemchoma mpaka jasho lijae kwenye buti, asingefungua kifungo hata kimoja. Akimaliza alisuuza tanki mara tatu, akatoboa makopo matupu kwa msumari ili asije mtu akayatekea maji. Majirani walioyataka walimwita mchoyo. Mchoyo wa kopo! Alimeza hilo nalo.

Kisha akavua ovaroli na glovu, akazikunja, akazitia kwenye mfuko, akapanda baiskeli kurudi nyumbani. Na hapo, jamani, ndipo akili yote ile ilipoishia. Iliishia kwenye lango la chuo.

Nyumbani mkewe alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa chake: cherehani karibu na dirisha, vipande vya nguo kwenye kapu, pini ameziuma midomoni. Alishona magauni ya maharusi, na mkono wake ulisifika. Pindo lake hulioni mpaka uambiwe lilipo. Mume akiingia, mke alipokea ule mfuko, akamwaga vilivyomo kwenye beseni pamoja na mashuka na nguo za watu wa nyumbani, akafikicha. Ndivyo ilivyokuwa tangu waoane. Mume hakuwahi kugusa sabuni ya kufulia, na mke asingekubali. "Mume wa fundi atoke na madoa?" alikuwa akisema. "Watu watanicheka mimi."

Mkono ulianza kwa kukosa tundu la sindano. Wakasema ni macho, wakanunua miwani. Baadaye pindo likapinda. Kichwa kikawa kinamgonga siku za kufua, jasho linamtoka akiwa kivulini, naye akasema ni uzee umebisha hodi mapema. Mpaka siku moja bibi harusi akarudisha gauni, akaliweka mezani na kuonyesha mshono. Mke alilifumua lote, akajaribu tena, akashindwa. Alilia akiwa ameliinamia, naye Maji Kwanza akasimama mlangoni na mfuko wake mkononi, hajui auweke wapi.

Hospitali walimkuta daktari kijana, mpole, aliyewaamkia vizuri. Alimwambia mama anyooshe mikono. Ilitikisika kama ule utepe mwekundu, na Maji Kwanza aliitazama akijua kwamba kwa upepo wa namna hiyo asingepiga dawa.

"Na wewe mzee, kazi yako nini?" daktari akauliza.

Akamweleza. Masikini, akaeleza kwa fahari: pini, maji matupu, upepo, barakoa, kusuuza mara tatu. Alitaka ijulikane kwamba yeye si mtu wa ovyo. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Na hizo nguo, mzee, anafua nani?"

Maji Kwanza akamgeukia mkewe.

"Mimi," mke akajibu. "Nani mwingine?"

Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni dawa iliyo kwenye nguo. Vipimo vingefanywa, huenda ni jambo lingine kabisa. Lakini kuanzia siku hiyo mama asiziguse nguo zile, zifuliwe peke yake, kwenye beseni lake, na anayezifua avae glovu.

"Mikono yangu itarudi?" mke akauliza. "Niambie tu, mwanangu. Mimi naishi kwa hii."

"Sijui, mama. Tuombe Mungu."

Wakarudi kwa miguu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mara ngapi Maji Kwanza alikuwa ameusema msemo huo kazini, petroli ya trekta ikipungua na kila mtu akimtazama mwenziwe! Sasa alitembea nyuma ya mkewe akimwangalia mabegani, roho inamuuma, anatafuta neno la kuanzia.

Jumamosi alinunua beseni jipya, akaliweka uani mbali na kamba ya nguo za wengine. Akavaa glovu zake ndefu. Akamimina maji, akatumbukiza ovaroli, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima akaanza kufua, vibaya, anapiga nguo kama anayeua nyoka. Mkewe alitoka akaketi kwenye kigoda, mikono ameifungia ndani ya kanga.

"Nisamehe, mama watoto," akasema bila kuinua uso. "Nilimfundisha kila mtu pale chuoni. Hata mlinzi nilimfundisha asikae upande wa upepo. Wewe sikukwambia."

Mke alikuwa akizitazama zile glovu.

"Hizo ulizovaa," akasema, "nazo nilikuwa nikizifua mimi. Nazigeuza ndani nje, naingiza mkono kidole kwa kidole, ili zisinuke."

Maji Kwanza akaacha kufikicha. Machozi yalimtoka na hakuweza kuyafuta, kwa sababu ya dawa iliyokuwa kwenye glovu.

"Mwaga, usuuze tena," mkewe akamwambia, bila ukali. "Tanki si unasuuza mara tatu?"

Akamwaga, akasuuza. Mkewe aliinuka akaingia ndani. Punde akaisikia cherehani, ikakimbia kidogo, ikanyamaza. Akabaki ameinama juu ya beseni, ovaroli mikononi, anasubiri iendelee.