Kikopo cha Mama kwenye Michongoma ya Gahanga

Mama yangu amepanda meli ya kitalii yenye ghorofa kumi na nne, ameshuka kwenye bandari sita za Ulaya, na ukimuuliza aliona nini huko anakujibu: kuta. Hasemi uongo. Wenzetu walipokuwa wanapiga picha makanisani, sisi tulikuwa tumeinama kwenye kuta za mawe, tunaingiza vidole kwenye nyufa kama watu waliopoteza ufunguo.

Safari ililipiwa na mdogo wangu anayeishi Ubelgiji. Aliamua kwamba mama wa miaka sabini na mbili, aliyechunga ng'ombe Karagwe ujana wake wote, anastahili kupumzika juu ya maji. Mimi nilitumwa kumsindikiza. Nilifunika cherehani yangu sokoni Kimironko, Kigali, wateja wakaninunia, nikaondoka. Siku ya kwanza niligundua kwamba meli ya kitalii ni mahali pa kula. Unakula, unapanda ghorofa ya juu, unakuta na huko wanakula. Siku ya pili Mama aliniuliza kama humu ndani hakuna kazi yoyote ambayo mtu anaweza kupewa.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa Kiholanzi, mwalimu mstaafu, tuliyekuwa tunakaa naye meza moja. Alikuwa na mchezo wake. Watu duniani kote, alisema, huficha vikopo vidogo, kisha huweka mtandaoni mahali vilipo. Wengine huvitafuta kwa simu. Ndani ya kikopo kuna kijidaftari. Ukikipata unaandika jina lako na tarehe, unakirudisha kilipokuwa, unaondoka. Nilimuuliza mara mbili kama kweli hakuna zawadi. Hakuna. Nikajisemea, watu wazima na meno yao!

Mama hakuuliza habari ya zawadi. Aliuliza, "Unaandika jina lako mwenyewe?"

Hapo lazima nieleze. Mama alijifunza kuandika akiwa na miaka sitini na sita, kwenye darasa la watu wazima la kanisani, Kicukiro. Kule Karagwe kaka zake walikwenda shule, yeye akaenda na ng'ombe. Alipomaliza darasa lake aligundua kwamba hakuna anayemhitaji aandike chochote. Benki, kwa kumhurumia, bado walimsogezea wino wa kidole. Simu inataka namba tu. Na fomu zote za nyumbani nilimjazia mimi, kwa sababu nina haraka.

Basi bandari ya kwanza, nyuma ya bomba la maji lililokufa, tulikipata kikopo. Mama alikaa chini akaandika. Jina lake lina herufi nyingi na kila moja alikwenda nayo polepole, huku ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo. Watalii walitupita wakidhani ameanguka. Mholanzi alisimama akamkinga jua kwa kofia yake mpaka alipomaliza. Kuanzia siku hiyo hatukuona kanisa tena. Mama aliuita mchezo ule "kuokoteza", na kila asubuhi alikuwa amevaa viatu kabla meli haijafunga kamba.

Siku ya kuagana yule mzee alimpa Mama kikopo kipya, kijidaftari na kalamu ndani, vyote amevifunga kwenye mfuko wa plastiki ili mvua isiingie. Anayeijua Kigali ameshaona balaa linakotokea. Mifuko ya plastiki ni marufuku Rwanda, na uwanja wa ndege wanakunyang'anya hata kabla hujasalimiwa. Mimi, mtu mzima na mwenye akili zangu, niliuficha ule mfuko ndani ya kiatu.

Kikopo tulikificha kwenye uzio wa michongoma, kando ya njia inayotoka nyumbani kwetu Gahanga kwenda kituo cha basi. Mama aliandika jina lake mstari wa kwanza, mimi nikaingiza mahali hapo mtandaoni. "Sasa mtu yeyote akipita," alisema, "ataandika chini yangu."

Miezi minane hakuandika mtu. Kila siku baada ya chai Mama alikwenda akafungua, akasoma jina lake, akafunga, akarudi. "Bado," alisema, kama anayesema mvua bado. Mimi nilichungulia simu nikiwa Kimironko: hakuna. Siku moja uchovu ulinizidi nikamwambia wazungu wanakuja Rwanda kuona sokwe, nani atakuja Gahanga kuona kikopo? Kesho yake alikwenda kama kawaida.

Ikaja Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, ambapo mtaa mzima hutoka asubuhi kufanya kazi ya pamoja. Mama umri umemsamehe, kwa hiyo alibaki kuchemsha chai ya watu. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kufyeka kando ya njia. Nilikuwa mbali, jembe mkononi, niliposikia mtu anapiga kelele kana kwamba amekanyaga nyoka. Kwenye michongoma amekuta plastiki.

Baada ya kazi hukaa mkutano. Tulikaa kwenye uwanja wa nyumba ambayo haijaisha kujengwa, na kiongozi wa mudugudu, yaani mtaa wetu, akasimama mbele ameushika ule mfuko kwa vidole viwili. Vilivyokuwa ndani alikuwa ameviweka wazi juu ya benchi nyuma yake.

"Hii ishashi iko ya nani?" aliuliza. "Mu by'ukuri, kweli kabisa, iko mtu hapa anatuchafulia Gahanga."

Nilipaswa kusimama. Sikusimama. Niliangalia kucha zangu kama sijawahi kuziona.

Hotuba ilikuwa ndefu, na wakati inaendelea alinyemelea bwana mmoja aliyechelewa, amevaa buti safi kabisa. Akaona kwenye benchi daftari lenye jina moja juu, na kalamu pembeni yake. Siku ya umuganda daftari na kalamu maana yake ni mahudhurio. Akaandika jina lake haraka haraka, akampa wa jirani. Wa jirani akaandika, akapitisha. Daftari la Mama likaanza kutembea mstari kwa mstari, mikono yenye udongo ikiliandika, na mimi nimefunga mdomo.

Mama akatokea na birika la chai. Akauona mfuko.

"Wa kwangu huo," alisema, palepale, mbele ya watu wote. "Na daftari langu liko wapi?"

Daftari lilikuwa limefika mstari wa nne wa waliokaa. Watu walipoelewa walicheka mpaka wengine wakashika matumbo. Kiongozi hakucheka, kwa sababu alikuwa amefungua orodha yake halali na kuikuta nyeupe.

"Mukecuru, bibi yangu, nipe hii kitabu," alisema. "Iko na watu yangu."

"Watu wako?" Mama alikuwa ameshalishika. "Wameandika chini yangu."

Kwa ufupi, mfuko ulichukuliwa, Mama akaonywa, na mchana kiongozi akaja sebuleni kwetu kunakili majina. Mama alimkataza asiliguse daftari. Alimsomea yeye mwenyewe, kidole kikitambaa chini ya kila jina, polepole, na mkubwa wa mtaa akasubiri na kikombe chake kama mwanafunzi. Kuna jina lilimshinda. "Huyu anaandika kama kuku," alisema kwa dharau, na sijawahi kumwona na furaha ya namna ile, hata baharini.

Kiongozi alipoondoka Mama aliyarudia majina yote toka juu. Akafika mwisho, akaniangalia.

"Wewe sikuoni."

Nilicheka. Nikamwambia mimi si mgeni, mchezo huu ni wa wageni.

"Nani alisema wageni? Nilisema mtu yeyote. Miezi minane, mwanangu. Unapita pale kila asubuhi."

Niliona aibu, kubwa kuliko ile ya uwanjani, maana ya uwanjani ilinihusu mimi na plastiki tu. Muda wote ule nilikuwa nachungulia simu nikimsubiria mzungu, na kikopo kilikuwa hatua mbili kutoka begani kwangu.

Mama akanisogezea kalamu. "Andika. Na usiandike haraka."

Niliandika jina langu lote, chini kabisa ya ukurasa, chini ya mtu wa mwisho. Mama alipuliza wino ukauke. Kisha akaweka kidole akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, jina alilonipa yeye mwenyewe wakati ambao hakuweza kuliandika.