Mafuta Juu ya Kinanda

Mwaka 2007 na 2008 nilikuwa mzee wa kanisa, na pia mbeba spika wa bendi ambayo mtaani waliiita ya shetani. Nimeulizwa mara nyingi kama najuta. Sijuti. Namshukuru Mungu kwa kazi zote mbili.

Bendi ilikuwa ya watu watatu. Binti yangu, aliyesomea mambo ya umeme hapa Nakuru, alipiga kinanda cha umeme na kuimba, kama kule ni kuimba. Mpiga ngoma alitoka Kabazi, kwa wazazi wakulima. Mpiga gitaa alikuwa wa familia ya Kisikh. Baba yake alikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma, na humo ndimo walimofanyia mazoezi Jumamosi, mafundi wakishaondoka. Walirekodi grenda ikikata bomba, wakaipitisha kwenye kompyuta, ikawa mdundo. Juu yake waliweka gitaa la kunguruma na mayowe ya binti yangu kuhusu mashamba, vibarua na wanasiasa.

Mara ya kwanza kuwasikia nilitoka nje nikishika kichwa. Binti yangu akanifuata.

"Baba, si wewe ulinifundisha manabii walipiga kelele barabarani?"

"Walipiga. Lakini hawakuwa na spika."

"Na wangekuwa nazo, wangezizima?"

Nilikuwa nimefundisha darasa la ubatizo miaka mingi, na siku hiyo nikarudi ndani kusikiliza kama mwanafunzi. Jumamosi iliyofuata nikaanza kubeba spika.

Hakuna kampuni ya muziki iliyowataka, nao hawakuitafuta. Sidii walizichoma wenyewe kwa kompyuta sebuleni kwetu. Mtangazaji mmoja wa redio aliwaambia wapunguze makelele na waongeze mapenzi kidogo. Wakachukua sidii yao wakatoka. Milimani, mtaa wa matajiri, waliitwa kwenye sherehe ya bustanini, na baada ya wimbo wa pili mwenye nyumba akakata stima. Mpiga ngoma hakusimama. Alipiga peke yake, bila waya wowote, mpaka wageni wakarudi kutazama.

Kisha ikaja Januari 2008, na ghasia za baada ya uchaguzi. Wanaojua wanajua, na sitaeleza yote. Uwanja wa kanisa letu ulijaa familia na magodoro. Mpiga ngoma alikuwa kwao, sisi mjini, na kati ya jamii yake na yetu palikuwa na moshi. Miezi ikapita, barabara zikatulia, naye akatuma ujumbe: tunapiga lini? Wakapata ukumbi mjini, Jumamosi saa tisa mchana.

Wajomba zake walimwonya asipande jukwaa moja na binti wa upande ule. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu aliniambia neno lilo hilo kwa upole zaidi. "Mzee mwenzangu, huu si wakati. Watu watasema tumewasahau waliochomewa." Nilimjibu kwamba watatu hao hawakuchoma nyumba ya mtu.

Nilisema hivyo, lakini niliogopa. Nilijua wasipopiga pamoja siku hiyo, hawatapiga pamoja tena, na waliotugawa watakuwa wameshinda. Basi asubuhi ile mapema, kabla mafundi hawajaingia, vijana walipoenda kunywa chai, nilibaki karakanani na chupa yangu ya mafuta ya upako. Kwetu wazee hupaka mafuta mgonjwa, nyumba mpya, hata lori jipya. Nikapaka ngoma, nikapaka gitaa. Kwenye kinanda mkono ulizidiwa na mapenzi: nikamimina kama ninavyomimina kichwani mwa mgonjwa, nikaomba macho yakiwa yamefumbwa.

Binti yangu alipokiwasha, kilitoa noti moja nzito ya chini, na haikukoma.

"Baba, hii ni nini?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya upako."

Mpiga ngoma akagusa, akanusa kidole. "Mzee, ni ya upako ama ni ya kukaangia chapo?"

"Hapa tunatia kila mashine mafuta," mpiga gitaa akasema, "lakini mzee, wewe umezamisha hii."

Binti yangu hakucheka. Alikalia ndoo, machozi yakimtoka, maana kinanda kingine hatukuwa nacho. Niliwaomba msamaha wote watatu kabla sijamwomba Mungu. Mpiga gitaa akakifungua kwa bisibisi, akasugua kwa spiriti na mswaki mkuukuu. Noti zote zikarudi sawa isipokuwa ile ya chini. Hiyo ilinguruma kila kinanda kilipowashwa.

Mpiga ngoma alisikiliza, kisha akaanza kugonga paja. "Wacheni ikae. Nitapiga juu yake. Mimi sijatoka Kabazi kuja kuangalia kinanda."

Mlangoni mwa ukumbi tulimkuta mwenyekiti. Mke wangu, niliyekuwa nimemwambia kuhusu mafuta, alikuwa amemsimulia mke wa mwenyekiti kwa simu.

"Umeona, mzee? Mungu mwenyewe amekataa."

"Aliyemwaga mafuta ni mimi," nikasema. "Usimsingizie Mungu uzito wa mkono wangu."

"Ukiingia humo, kesho usinyooshe mkono kwa meza ya Bwana."

"Basi tutaonana kesho."

Nikaingia. Watu walikuwa wachache kuliko viti, lakini walikuwa wa kila upande. Sitadanganya kwamba niliupenda muziki ule. Ile noti ilinguruma chini ya kila wimbo, na ngoma ikapanda juu yake kama mtu anayekataa kushuka. Katikati, mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Rudini kwenu!"

"Kwetu ni hapa!" binti yangu akamjibu kwenye maikrofoni. "Kuja mbele usikie vizuri!"

Watu wakacheka. Hakuja, lakini hakuondoka pia. Walipiga nyimbo zote mpaka ya mwisho.

Kesho yake nilikaa benchi la nyuma badala ya viti vya wazee, binti yangu upande mmoja, mpiga ngoma upande wa pili. Sahani ya mkate ilipofika kwetu, mwenyekiti aliipitisha mbele yetu bila kutugawia wala kututazama. Moyo wangu uliumia, sifichi.

"Mzee, twende?" mpiga ngoma akaninong'oneza.

"Tunakaa mpaka baraka."

Tukakaa. Meza ilipoandaliwa tena tulirudi benchi lile lile, safari hii wanne. Mpiga gitaa, ambaye hata si Mkristo, alisema hawezi kuketi nyumbani watu wake wakitengwa. Alikaa katikati yetu na kilemba chake, akaimba nyimbo asizozijua kwa sauti kubwa kuliko kwaya.