Mnasanzi wa Mbagala

Didas ni fundi wa viyoyozi. Kazi zake ziko Kinondoni, kwenye maofisi, na kitanda chake kiko Mbagala, katika chumba alichopanga kwa Bi Wahiba. Kila jioni anarudi na pikipiki yake, na nyuma ya kiti kuna dumu la njano lililojaa maji, limefungwa kwa mpira.

Majirani hawakulielewa dumu hilo. Uani kwa Bi Wahiba kuna kisima, maji yake yana chumvi, lakini yanafaa kufulia na kuogea vizuri tu. Sasa mtu mzima ayatoe maji Kinondoni, ayapitishe mjini kote kama bibi harusi, halafu asiyanywe wala asiyapikie?

"Maji ya wapi hayo, kaka Didas?" aliuliza Felicitas, jirani wa chumba cha pili, anayekaanga chapati barazani.

"Ya kiyoyozi, dada."

"Haya bwana. Kama hutaki kusema, acha."

Lakini Didas alisema kweli. Alikuwa ametengeneza kiyoyozi kwa mama mmoja mstaafu, na dirishani pake akaona mmea mdogo mwekundu, upana wake kama kisoda. Majani yake yalikuwa na vinywele, na kila kinywele kilibeba tone la umande nchani, saa saba za mchana, jua likiwaka. Kijidudu kikatua pale, kikanasa. Jani likaanza kujikunja taratibu, kama kiganja cha mtoto kikifumba peremende. Didas akasahau spana mkononi.

Mama yule alikuwa anafunga mizigo kuhamia Arusha kwa binti yake. Akakung'uta bua kavu la maua juu ya karatasi, zikadondoka mbegu laini kama ugoro.

"Ndizo zote," alimwambia. "Zikifa usinipigie simu. Nina moyo mdogo."

Ombi hilo lilimlenga mtu asiyefaa. Didas ni mtoto wa Rombo, wa watu wa migomba, na kwao anajulikana kwa jambo moja: alichopanda hakijawahi kuota. Baba yake alimkataza hata kupita karibu na migomba michanga. "Wewe shika spana," alimwambia, na ndivyo Didas alivyopata ufundi.

Safari hii alitaka kitu kimoja kiote. Kimoja tu, akione kikiishi.

Kama mama yule alivyomwelekeza, akaosha mchanga wa mtoni na makumbi ya nazi mpaka maji yakatoka meupe. Mbolea hakutia, maana mmea huu mbolea huuua. Chakula chake unakamata wenyewe. Akajaza kopo la aiskrimu alilolitoboa chini, akanyunyiza mbegu juu juu bila kuzifukia, akaliweka barazani kwenye sahani ya maji na kulifunika kwa mfuniko unaopitisha mwanga. Chumvi nayo ni sumu kwake. Kwa hiyo maji yakawa yale yanayodondoka kwenye mabomba ya viyoyozi nje ya ofisi, yasiyo na chumvi, kama ya mvua. Kwa kuwa hakulijua jina la mmea kwa Kiswahili, akauita mnasanzi.

Na mbegu zikaota! Vichipukizi vidogo kuliko kichwa cha pini, kila kimoja na tone lake. Didas alipiga magoti barazani kila alfajiri, lenzi mkononi, akinong'ona: "Jamani, mmeamkaje?"

Bi Wahiba, ambaye ukoo wake umeuza vitambaa Temeke tangu enzi za babu, alikuja kukagua.

"Shikamoo, Bi Wahiba."

"Marahaba, mwanangu. Kinakula nini hiki?"

"Kikikua kitakula mbu na nzi."

"Wakiwa hai?"

"Wakiwa hai."

"Bila kuchinjwa?"

Didas akarudisha mfuniko juu ya kopo.

"Ilimradi kisiingie jikoni kwangu," alisema Bi Wahiba, akaondoka.

Felicitas yeye hakuuliza tena. Alikuwa ameshajionea. Mwanamume anapiga magoti alfajiri, ananong'ona, anachota kwenye dumu lililoandikwa USIGUSE kwa rangi nyekundu, ananyunyiza tone kwa tone. Kanisani kwake kitu kama hicho kina jina: maji ya upako. Na bega lake lilikuwa linauma kwa kukanda ngano. Bi Wahiba naye alielewa kwa upande wake: hayo ni maji yaliyosomewa, japo na Mkristo, na goti linalouma halina dini. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alichota kimya kimya, na kwa kuwa wote ni watu waaminifu, kila mmoja alifuata sheria ya uani ule: ukichota maji ya mtu, unarudishia. Wakarudishia, kutoka kisimani.

Umande ukaanza kukauka. Ncha za vijani zikawa za kahawia, vichipukizi vikalala kimoja kimoja, na juu ya mchanga ukatanda unga mweupe. Didas akavitazama viganja vyake, akamkumbuka baba yake, akakaribia kuamini. Ndipo akachovya kidole kwenye dumu na kukilamba. Chumvi.

Ilikuwa Jumapili mchana, wote wako uani.

"Jamani, nani kaniwekea maji ya kisima kwenye dumu?"

Felicitas akageuza chapati ambayo haikuwa tayari kugeuzwa. Bi Wahiba akaianza tasbihi upya.

"Sigombi. Nataka kujua ni kiasi gani."

"Kikombe kimoja," alisema Felicitas. "Yaani, kila asubuhi. Lakini nilikuwa narudishia! Mie si mwizi, kaka Didas."

"Na mie nusu jagi," alisema Bi Wahiba, akiutazama ukuta. "La goti. Nikarudishia jagi zima, nusu ya pili iwe hisani."

"Mlikuwa mnayanywa?"

"Ya upako si yananywewaga?" Felicitas alishangaa.

"Dada, nilikwambia ni ya kiyoyozi! Hewa ya ofisini ikipozwa, unyevu wake unageuka maji. Pumzi za watu zimo, jasho lao limo."

"Jasho la nani?"

"La ofisi nzima."

Felicitas akajishika bega. "Ina maana bega langu limeponywa na wahasibu?"

Bi Wahiba akacheka mpaka tasbihi ikamdondoka. Didas hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kopo.

"Vinakufa," alisema. "Na mbegu nyingine sina."

Bi Wahiba akaokota tasbihi yake.

"Vinataka nini, mwanangu?"

"Maji safi, mengi, leo hii, yaisukume chumvi itokee chini. Na ofisi zimefungwa."

"Na kiyoyozi changu je?"

Bi Wahiba alikuwa nacho sebuleni, alitumiwa na mwanawe aliyeko Maskati. Kiliwashwa mara moja, akapiga chafya mpaka magharibi. Tangu hapo kimevishwa kitambaa cha kufuma.

"Kiwashe. Ila mlango ufungwe, sitaki kupoza Mbagala nzima."

Didas akatega beseni nje, chini ya bomba. Matone yakaja kwa uvivu. Akaeleza kwamba chumba chenye watu wengi wanaopumua hutoa maji zaidi. Basi Felicitas akaleta birika la chai linalofuka mvuke, wakaketi watatu, wamejifunika khanga na mashuka, wanapumua.

"Wewe huimba kwaya," Bi Wahiba alimwambia Felicitas, meno yakigongana. "Imba. Muimbaji anatoa pumzi nyingi."

Felicitas akaimba pambio zote anazozijua. Bi Wahiba akapiga makofi, kwa ajili ya baridi tu, alisema.

Beseni lilipopata maji, Didas akayamwaga koponi taratibu kwa bomba la sindano, akayaonja yaliyotokea chini. Chumvi. Akamwaga tena, akaonja tena, mpaka ulimi haukusikia kitu.

Vingi vilikufa. Vichache vikabaki vimesinyaa kwa siku kadhaa, visijulikane vinaelekea wapi. Kisha asubuhi moja kimoja kikarudisha umande wake, vitone visivyoonekana bila lenzi, na Didas akaenda kugonga mlango wa Bi Wahiba kabla hajavaa shati.

Bi Wahiba akainama, akaminya jicho.

"Huyu? Huyu ndiye niliyemgandia kwa baridi?"

"Ndiye."

"Hata punje ya mtama inamzidi!"

Lakini hakuinuka. Kijidudu kilikuwa kinazunguka juu ya kopo lililofunuliwa, kinashuka, kinaghairi, kinashuka tena. Bi Wahiba akapunga mkono nyuma bila kugeuka.

"Felicitas," alinong'ona. "Acha chapati ziungue, njoo. Polepole. Na usipumue."