Lango Lililomkana Mama Barafu

Saa nne na robo asubuhi. Mlango mzito wa chumba cha baridi unafunguka na mwanamke wa miaka arobaini na sita anatoka, nyusi zimeota chembe za barafu. Anavua glavu kwa meno, anasimama mbele ya kamera ndogo ukutani na kutulia. Taa inawaka kijani.

"Leo imenijua," anasema akicheka. "Kuna siku ilinikana mchana kweupe."

Wenzake humwita Mama Barafu. Kwa miaka kumi na moja amepanga makasha ya samaki katika baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.

Mambo yalimwendea kombo mwaka jana, kiwanda kilipofunga kamera mpya kwenye lango la ndani. Kamera hiyo husoma joto linalotoka usoni, hivyo humtambua mtu hata gizani na kuandika mahudhurio yake. Kila mfanyakazi alipigwa picha ofisini. Mama Barafu alipigwa yake akiwa ametoka kunywa chai.

Kumbe baridi humbadilisha mtu. Alipotoka kazini, kwenye skrini pua na mashavu yake yalikuwa meusi tii. Lango likagoma, mfumo ukamwandika mtoro. Mara ya pili alipewa barua ya onyo. Ya tatu ingekuwa ya kufukuzwa.

"Nilimwambia msimamizi, 'Bosi, si mimi huyu hapa?' Akanijibu, 'Mama, mashine haina sababu ya kukuonea.'"

Nyumbani, bintiye wa kidato cha nne alimsihi aache kazi.

"Alikuwa anabeba mafuta ya kuchua, anajipaka usoni ili upate joto," anasema binti huyo. "Macho yakivimba, ananiambia ni moshi wa jiko."

Mafuta hayakusaidia. Siku fundi wa kamera alipokuja kufanya ukaguzi, Mama Barafu alimzibia njia kwenye korido.

"Mwanangu, ulinipiga picha nikiwa na joto. Nipige na nikiwa na baridi. Mtu ni yule yule."

Fundi anakiri kwamba hakuwahi kuingia chumba kile. Mama Barafu akamvuta ndani. Walikaa nusu saa. Walipotoka, lango likamkataa fundi mwenyewe.

"Nilisimama pale natetemeka, natazamana na mashine niliyoifunga kwa mikono yangu," anasema fundi. "Mama akaniuliza, 'Na wewe mtoro?'"

Kwa siku tisa, wakati wa mapumziko, Mama Barafu aliwashawishi wenzake ishirini na wawili wapigwe picha upya: wakifika, wakitoka kwenye baridi, na baada ya kuota joto. Wengine waliogopa kwamba wanajitafutia balaa. Yeye alitangulia kila siku, chai yake ikipoa mezani.

Sasa ni mwezi wa nne lango halijamkataa mtu. Barua ya onyo imeondolewa kwenye faili lake. Aliomba ichanwe akiona.

Mwezi ujao kamera zitafungwa jengo la pili, kwenye matanuri ya kukaushia samaki.

"Wale wanatoka nyuso zinawaka moto. Nataka wapigwe picha mapema, kabla hawajaandikiwa barua," anasema. "Nimemwomba msimamizi anipeleke huko wiki nzima. Akauliza, 'Nani atapanga makasha yako?' Nikamwambia, 'Wewe, bosi. Koti lipo.'"