Muhogo wa Alby

Nilimwambia shangazi kwamba mti wa jirani yetu ni muhogo. Sina namna ya kulieleza jambo hili ili nionekane nina akili.

Tulikuwa tunapita nyuma ya jengo letu hapa Alby, Uswidi, mwezi wa sita, mimi nimebeba mifuko, yeye kanishika mkono. Alikuwa amefika kutoka Burundi wakati wa baridi, na Kiswidi chake kilikuwa salamu na asante, basi. Kwa daktari, ofisini, dukani, mimi ndiye nilikuwa mdomo wake. Akasimama mbele ya bustani ndogo ya bibi wa Kiswidi anayekaa chini yetu. Humo mlikuwa na mti mfupi, majani yake yamegawanyika kama vidole.

"We mtoto, hii si sombe?"

Sombe ni majani ya muhogo. Huku tunakula yaliyogandishwa, ya kwenye mifuko. Mabichi shangazi alikuwa ameyaacha kwao.

"Ndiyo yenyewe," nikasema.

Akachuma moja, akakagua kikonyo. "Mbona halitoi maziwa?"

"Baridi hiyo, shangazi. Mihogo ya huku maziwa yake yanaganda ndani."

"Na mwenyewe hatakasirika?"

"Hawa hawali majani. Atashukuru ukimpunguzia."

Nilidhani atacheka. Mimi ndiye mchekeshaji wa ukoo. Hata kanisani watu huanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Yeye akaitikia kwa kichwa, mimi nikaenda zangu kucheza mpira.

Niliporudi, kinu kilikuwa kinalia jikoni. Shangazi anatwanga huku anaimba, maana wageni wa kanisa walikuwa wanakuja kesho yake. Mama ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, koti bado mwilini. Alichovya kidole kinuni, akanusa, akanitazama. Hakumtazama shangazi. Mimi.

Kengele ya mlango ikalia. Alikuwa bibi wa chini. Hakufoka; angefoka ingekuwa afadhali. Aliuliza kama tunajua kilichoupata mti wake, umebaki matawi matupu. Mama ana Kiswidi cha kutosha kuomba radhi, lakini alinisukuma mbele nitafsiri. Ikabidi nimfikishie shangazi neno kwa neno: kwamba huo ni lönn ya Kijapani, mti wa urembo tu, kwamba bibi aliupanda mwenyewe, kwamba hajui kama utapona. Shangazi alisikiliza, mchi mkononi, mpaka mwisho.

"Na wewe ulijua?" akaniuliza taratibu.

Bibi akawa ananitazama, anasubiri nitafsiri na hilo.

Tangu siku ile shangazi hakunishika mkono tena. Alikwenda kwa daktari wa meno peke yake, akarudi hajui anatakiwa kurudi lini. Nikajitolea kupiga simu kumuulizia. Akasema usijisumbue, mwanangu. Nilitamani anitukane.

Basi nikaanza kwenda kuutazama mti. Bibi aliniruhusu, ingawa mwanzoni alisimama mlangoni kunilinda. Kiangazi kile ulichipua vijani vichache, vidogo, nikavikagua kama polisi. Pembeni vina meno kama ya msumeno. Jani la muhogo halina. Vinatoka viwili viwili, vikitazamana. Ya muhogo hupishana kwenye tawi. Mtoto wa darasa la kwanza angeona. Vuli ilipofika vikawa vyekundu kabisa, kama vinaona aibu kwa niaba yangu. Kisha vikadondoka, na kwa miezi yote ya theluji hapakuwa na kitu ila vijiti. Bibi alikwaruza kimoja kwa ukucha, akanionyesha rangi ya kijani chini ya ganda. "Labda," akasema. Nilikaa na hiyo labda mpaka mwezi wa tano.

Asubuhi moja, nikielekea shule, nikaona macho ya matawi yamepasuka, mawili mawili, na majani yanatoka mekundu, yamekunjamana kama viganja vya mtoto mchanga. Nikapanda ngazi mbiombio. Mama alikuwa anamenya viazi.

"Mama, mti umechipua. Wote."

Hakuinua kichwa.

"Kamwambie shangazi yako," akasema. "Na ukifika, usimchekeshe."